Barua kwa Shangazi: saa 72 hazingoji kikao

Shangazi, shikamoo.

Ndoa zikiwaka moto, ukoo mzima hukimbilia kwako Temeke. Unampokea mke, unamtuliza, kisha unawaita wazee wakae Jumapili. Kwa ugomvi wa kawaida, sawa. Ila kama mumewe alimlazimisha kitandani Jumatano usiku, Jumapili dawa ya kumkinga na VVU imeshampita.

Dawa hiyo, PEP, huanzwa ndani ya saa 72 tangu tendo, na kila saa inayopotea inaipunguzia nguvu. Virusi huanza kujishikiza pale vilipoingilia kabla ya kusambaa mwilini. Vikishasambaa, PEP haina kazi tena. Na tendo la nguvu huvifungulia njia, maana mwili haukujiandaa, unachanika, na kondomu hakuna. Aliyewahi kupigwa kofi kwa kutaja kondomu hataitaja tena. Hata kupima anaogopa, kwa sababu majibu atarudi nayo nyumbani kulekule.

Kwa hiyo muulize, mkiwa wawili tu: alikulazimisha? Akikubali, asioge kwanza, wala asifue nguo. Nguo ziwekwe kwenye bahasha ya kaki, si mfuko wa plastiki; unyevu huozesha ushahidi. Mpeleke hospitali usiku huohuo. Amana, pale Ilala, kuna Kituo cha Mkono kwa Mkono: daktari, polisi na ustawi wa jamii mahali pamoja. Matibabu yatangulie, PF3, ile fomu ya polisi, ifuate.

Watampima kwanza. Akikutwa tayari na VVU, ataanzishiwa ARV za kudumu. Akiwa hana, atameza PEP siku 28 bila kuruka, kisha arudi kupima baada ya miezi 3. Aombe pia dawa ya kuzuia mimba. Mwisho wake ni saa 120.

Utasema ni mumewe. Kweli, sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998 haimhesabu mke anayeishi na mumewe kuwa amebakwa naye (aibu yetu hiyo). Lakini dawa haitegemei kesi.

Wengi hukatisha dozi, wengine kwa kichefuchefu, wengine kwa kuogopa mume akiona kopo atadai mke ndiye aliyeleta ugonjwa. Kopo likae kwako, aje kumeza kwako kila siku saa ileile. Na mume asimsindikize kliniki, hata aje na maneno matamu kiasi gani; akiwepo pale, mkewe hatafungua mdomo.