Silia hazingoji amri ya ubongo

Bwana Mhariri,

Nimesoma makala ya gazeti lenu kuhusu vumbi la Goma, na ninawashukuru, ingawa anayeishi Majengo au Ndosho hahitaji kuelezwa jinsi vumbi jeusi la mawe ya volkano linavyomjaa puani kila pikipiki inapopita. Hata hivyo, mliandika kwamba vinywele vya njia ya hewa huchuja vumbi kwa amri ya ubongo, na hapo pana makosa mawili.

Vinywele hivyo, ambavyo wanabiolojia huviita silia, havichuji kitu. Kinachonasa vumbi ni ute. Silia huusukuma ute huo hadi kooni, milimita chache kwa dakika, nasi tukaumeza au tukautema. Seli moja hubeba silia zipatazo 200, na kila moja hupiga mara 10 hadi 20 kwa sekunde: huenda ikiwa imenyooka, ncha yake ikigusa ute, kisha hurudi imejikunja chini katika umajimaji mwepesi, isije ikaurudisha ute ulikotoka. Nguvu hutoka ndani ya silia yenyewe, ambamo protini iitwayo dinini huitelezesha mirija midogo mno, jozi 9 zilizozunguka mirija 2 ya katikati, na kwa kuwa mirija hiyo imeshikwa shinani, kuteleza huko hugeuka kupinda.

Kuhusu ubongo, kipande cha utando wa njia ya hewa kikikatwa na kutunzwa katika maji yanayofaa, silia zake huendelea kupiga bila neva yoyote. Wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo, katika Ziwa Kivu hupiga makasia kwa kufuata wimbo. Silia hazina mwimbishaji. Kila moja ikisukuma umajimaji huigusa jirani yake, ambayo hupiga ikichelewa kidogo, na hivyo wimbi hupita juu ya utando wote. Kuna watoto wanaozaliwa na dinini yenye kasoro: ubongo wao ni mzima, lakini ute hauondoki, na mafua na vikohozi haviwaishii.

Ninaomba msahihishe katika toleo lijalo, na mwongeze jambo ambalo makala hayakuligusa, nalo ni moshi wa sigara. Moshi huo huziharibu silia, na mvutaji anayeishi katika vumbi letu hubaki akitegemea kikohozi kuuondoa ute ambao zingeuondoa zenyewe.

Msomaji wenu,
Goma