Barua kutoka Frederiksoord

Ndugu yangu mpendwa,

Barua yako, pamoja na katiba ya chama chenu unayotaka niisome, ilinifikia nami ni mzima wa afya. Uliniuliza habari za ile Maatschappij van Weldadigheid, ambayo kwa lugha yetu ningeiita Jumuiya ya Ihsani, na sasa nimeyaona makazi yake kwa macho yangu hapa Frederiksoord, kijiji cha kaskazini mwa Uholanzi.

Mwaka 1818, Uholanzi ikiwa bado imefukarishwa na vita vya Napoleon, jenerali Johannes van den Bosch aliamini kwamba umaskini unatibika kwa jembe na malezi. Kwa michango ya wanachama, ambayo ilikuwa kama senti tano kwa juma, alinunua ardhi ya mchanga hapa kaskazini, na mwaka huohuo familia maskini 52 za kwanza zikahamia, kila moja ikipewa kijumba na shamba la ekari zipatazo sita. Watoto walilazimika kusoma, ilhali sheria ya namna hiyo kwa taifa zima ilipitishwa mwaka 1900. Kwa hilo nampa heko.

Kilichonikwaza ni nishani. Aliyejituma alipewa ya shaba, kisha ya fedha, kisha ya dhahabu, na kadiri nishani ilivyopanda ndivyo ruhusa ya kutoka kijijini ilivyoongezeka. Hebu fikiri: mtu ambaye hakushtakiwa kwa kosa lolote anajipatia uhuru wake kwa kulima vizuri! Hata ujira alilipwa kwa sarafu za jumuiya yenyewe, ambazo zilikuwa na thamani katika duka la jumuiya tu.

Kutoka hapo hadi kufungia watu haikuwa safari ndefu. Kuanzia mwaka 1823, yatima, ombaomba na wazururaji walipelekwa Veenhuizen, makazi mengine ya jumuiya, katika majengo matatu makubwa, wengi wao bila hiari. Deni lilipoielemea jumuiya, serikali iliyachukua makazi hayo mwaka 1859, na baadaye yakawa magereza. Hata leo wamo wafungwa. Nyumba za watumishi zimeandikwa maneno ya kuadilisha, na ile iliyokuwa ya dawa ina maandishi “Bitter en Zoet”, yaani chungu na tamu. Nilisimama mbele yake kwa muda, nikitabasamu bila kupenda.

Jambo moja sikulitarajia. Mwaka 1830 van den Bosch huyuhuyu alikwenda Java, kisiwa cha Indonesia ya leo kilichokuwa koloni la Uholanzi, akiwa gavana mkuu, akawalazimisha wakulima kutenga sehemu ya ardhi yao kwa kahawa, miwa na nili ya kuuzwa Ulaya. Wapo wanaozisimulia habari hizi mbili kana kwamba ni za watu wawili, lakini mimi, baada ya kuziona zile nishani, siwezi.

Jumuiya ingali hai, na mwaka 2021 makazi haya yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Katiba ya chama chenu nitaisoma wiki hii, nikianza na kifungu cha wanaoruhusiwa kuondoka.

Wasalimie wote nyumbani.

Wako nduguyo