Kondoo wa Dartmoor hawakujijaza wenyewe

Mhariri,

Nimesoma kwenye gazeti lenu kwamba wafugaji wa Dartmoor, nyanda za juu za huku Uingereza, wamemaliza mlima kwa tamaa ya kondoo wengi. Mi naishi huku Devon, mkoa wenye hiyo Dartmoor, na naona hiyo stori mmeianzia katikati.

Miaka ya 80 na 90 ruzuku ilikuwa inalipwa kwa kichwa, yaani kondoo jike wakiongezeka na hela inaongezeka, sasa we ungefanya nini? Watu wakajaza, wengine wakawaacha juu huko hata winta wakitafuna vichaka mpaka vikaisha. Malipo ya kichwa yakafutwa 2005 ila mlima hauponi kwa kubadilisha fomu.

2023 Natural England, idara ya serikali ya mazingira, ikataka mifugo ipunguzwe sana ndo mikataba ya wafugaji ya kulipwa kwa kutunza mazingira iongezwe muda. Zogo likawa kubwa mpaka serikali ikaunda tume huru chini ya David Fursdon, ripoti ikatoka Desemba. Na humo hoja haikuwa idadi peke yake, ni mnyama gani na msimu gani (mfugaji wa Longido angewaambia bure). Kuna nyasi inaitwa molinia imetanda kila mahali, ikikomaa kondoo haitaki kabisa, wanaoisaidia kuipunguza ni ng'ombe na farasi wadogo wa kule, tena majira ya joto ikiwa bado laini. Ukitoa wanyama wote kwa mkupuo umeiachia molinia shamba.

Halafu ile ardhi haina uzio kati ya kundi na kundi. Ina mwenyewe, sehemu kubwa ni ya Duchy of Cornwall, yaani mali ya kifalme iliyo chini ya Prince William, wafugaji wana haki ya kulishia tu, na kondoo anajua mwisho wa eneo lake kwa sababu alikua akimfuata mama yake pale pale. Ukiuza kundi lote, ukija kununua wengine watazurura mpaka kwa jirani.

Kondoo wa winta wapungue, nakubali. Ila ruzuku ya zamani imekuwa ikikatwa tangu 2021, na ule mpango mpya wa serikali wa kulipa wakulima, SFI, Machi 2025 ulifungwa kwa waombaji wapya siku ileile ilipotangazwa kwamba unafungwa. Nani atauza kondoo wake kwa ahadi ya namna hiyo? Aliyelipa wajae alipe na wapungue, kwa mkataba wa miaka mingi.

Mwandishi wenu akija tena, aje Julai, na aulizie habari ya ruzuku.

Msomaji wenu,
Devon