Mama mnene naye ana haki ya mkunga

Bwana Mhariri,

Ninajibu habari yenu kuhusu wajawazito wenye uzito mkubwa hapa Bukavu, ambao wengine huambiwa tangu kliniki ya kwanza kwamba mkunga si wao, waende kwa daktari tu. Huo ni uamuzi wa haraka mno.

Ni kweli, unene huongeza hatari ya shinikizo la damu na kisukari cha mimba, na anayepatwa na hayo lazima daktari amfuatilie. Ila uzito peke yake si hukumu ya kupasuliwa. Tena kosa huweza kuanzia kwenye kifaa: mkanda wa kawaida wa kupimia presha unafaa mkono wenye mzingo wa sentimita 22 hadi 32 hivi. Ukifungwa kwenye mkono mnene zaidi, husoma juu kuliko ilivyo, na mama anapewa ugonjwa asio nao.

Divisheni ya Afya ya Jimbo ipeleke mikanda mikubwa kwenye vituo vya afya, kuanzia Kadutu na Bagira hapa mjini. Mkunga na daktari wapange pamoja mapema, na mama aulizwe anataka kuhudumiwa na nani.

Msomaji wenu,
Ibanda, Bukavu