Maua ya Chang'an

Rafiki yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima. Tangu uliponiambia kwamba safari hii tena jina lako halimo kwenye orodha ya waliopita mtihani, nimekuwa nikimfikiria mshairi mmoja wa Uchina, Meng Jiao, aliyezaliwa mwaka 751, zama za ufalme wa Tang.

Zama hizo, kijana asiye na ukoo mkubwa aliyetaka cheo serikalini alikwenda Chang'an, mji mkuu, kufanya mtihani wa kifalme. Ulioheshimiwa kuliko yote uliitwa jinshi, na kutunga shairi ilikuwa sehemu ya mtihani wenyewe. Waliopita kwa mwaka mara nyingi hawakufika hata 40, nchi nzima ile! Watu wakasema: anayepita jinshi akiwa na miaka 50 bado kijana.

Meng Jiao akaanguka. Akarudi, akaanguka tena. Shairi alilotunga baada ya mara ya pili lina mistari minne tu. Usiku mmoja anaamka mara tisa, akiguna kwa uchungu. Ndoto yenyewe fupi, inakatika kabla hajafika kwao. Halafu anasema amezipita barabara za Chang'an mara mbili, na mara zote maua ameyaona kwa machozi. Matokeo yalikuwa yakibandikwa majira ya machipuko. Yaani siku unayotafuta jina lako usilione, mji mzima umechanua.

Mwaka 796 akapita, umri umeshavuka miaka 40. Safari hii akaandika kwamba upepo wa machipuko unampepea, farasi wake anakwenda mbio, na kwa siku moja ameyaona maua yote ya Chang'an. Maua yale yale, mwenzangu! Hapo ndipo nilipofunga kitabu nikatafuta kalamu nikuandikie.

Sitakuficha, baada ya hapo mambo hayakumnyookea sana. Alikaa miaka akingoja, mwisho akapewa kazi ndogo ya wilaya huko Liyang. Lakini alipofika akamchukua mama yake wakae pamoja, mama yule yule aliyemhimiza aende mtihani. Huko ndiko alikotunga shairi ambalo watoto wa Uchina hulikariri hadi leo. Halina mtihani ndani yake, wala farasi. Kuna uzi mkononi mwa mama, na nguo ya mwanawe anayesafiri. Mama anashona kwa mishono ya karibu karibu, kwa sababu anahofu mtoto atachelewa kurudi. Mimi mishono ile naiona kabisa.

Jumapili nilipita kwenu. Mama yako hakuniuliza habari za mtihani hata kidogo. Aliniuliza kama huko unakula vizuri, na kama likizo hii utakuja. Nikamwambia nitakuandikia.

Wako wa siku zote.