Nani amelala chomboni?

Bwana Mhariri,

Katika mashirika (jumuiya ndogo za waamini) na makanisa mengi hapa Bukavu, mtu akiuliza Yesu ni nani hujibiwa upesi: "Ni nusu Mungu, nusu mtu." Anayejibu hana nia mbaya, lakini anapotosha. Mtaguso wa Kalkedonia, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 451, ulikiri Mungu kamili na mtu kamili, nafsi moja katika asili mbili, bila kuchanganywa, bila kugeuzwa, bila kugawanywa, bila kutenganishwa. Humo hamna nusu.

Shida huanzia kwenye neno "nafsi". Zaburi 103 yasema "Ee nafsi yangu, umhimidi Bwana", na hapo nafsi ni roho ya mtu. Basi mkatekumeni, anayejiandaa kubatizwa, akisikia "nafsi moja" anaelewa roho moja tu, ya kimungu, iliyoingia katika mwili mtupu kama mtu avaavyo koti. Pasipo kujua ameshafika kwa Apolinari wa Laodikia, aliyefundisha kwamba ndani ya Yesu Neno, yaani Mwana wa Mungu, lilishika nafasi ya akili ya kibinadamu. Fundisho hilo lilikataliwa katika Mtaguso wa Konstantinopoli mwaka 381. Askofu Gregori wa Nazianzo alilijibu kwa hoja ambayo kila mkatekista, mwalimu wa dini, angepaswa kuishika kwa moyo: ambacho Kristo hakukitwaa, hakikuponywa. Kama hakutwaa akili yetu, basi akili yetu bado ina ugonjwa wake.

Dawa imo katika Kiswahili chenyewe. Nafsi hujibu swali la "nani", asili hujibu swali la "nini". Wakatekista wenzetu, chukueni Marko 4:35-41, msome polepole, msimame kwenye mstari wa 38. Yesu yuko nyuma chomboni, amelala juu ya mto, na maji yanaingia. Aliyepanda boti ya kwenda Goma ziwa likachafuka anajua ni uchovu gani unaomfanya mtu asiamke hapo. Ulizeni: nani amelala? Yesu. Nendeni mstari wa 39: nani amekemea upepo? Yesu huyohuyo.

Hapa ndipo walimu wengi huteleza, wakisema "aliyelala ni mtu, aliyekemea ni Mungu". Tayari wameweka watu wawili chomboni. Kwa kukataa mgawanyo wa namna hiyo, Mtaguso wa Efeso mwaka 431 ulitetea jina la Maria, Mama wa Mungu: aliyezaliwa naye ni mmoja. Semeni hivi: Yesu alilala kwa ubinadamu wake, Yesu huyohuyo alikemea kwa umungu wake. Hilo "kwa" msiliruke, maana ndilo linalobeba fundisho zima. Tena wanafunzi, mstari wa 41, waliulizana "Ni nani huyu?"

Kuhusu mifano, chai ya maziwa iacheni kabisa. Maji na maziwa yakishachanganyika ni kitu cha tatu, wala huwezi tena kuonyesha maji ni yapi. Mababa wa Kanisa, yaani walimu wake wa karne za kwanza, walipenda mfano wa kisu cha chuma kilichokolea moto: kinakata kwa kuwa ni chuma, kinaunguza kwa kuwa kina moto, na kisu ni kimoja. Hata huo una kikomo chake, kwa sababu kisu hakina mapenzi, yaani utashi, na Yesu anayo.

Marko 13:32, Mwana asipoijua siku wala saa ya mwisho, mstari huo msiukwepe. Vijana watauliza tu. Mababa hawakuueleza wote kwa namna moja, ila Luka 2:52 inasema wazi kwamba Yesu aliendelea katika hekima, na akili ya kibinadamu ndivyo ilivyo, hujifunza.

Jambo moja zaidi. Wakopti na Waethiopia hawakuipokea Kalkedonia, lakini msiwahesabu kuwa wanakana ubinadamu wa Kristo. Mwaka 1973 Papa Paulo VI wa Roma na Papa Shenouda III wa Wakopti walitia sahihi tamko la pamoja wakimkiri Mungu kamili na mtu kamili.

Kwa somo la kwanza, chombo cha Marko kinatosha. Getsemane, Yesu anaposali "si mapenzi yangu, bali yako", pamoja na yale mapenzi mawili ya Kristo, la kimungu na la kibinadamu, yaliyokiriwa katika Mtaguso wa Konstantinopoli mwaka 681, iwekeni juma linalofuata, watu wakiwa wamezoea kuuliza "nani" kabla ya "nini".

Wakatekista wawili,
Kadutu, Bukavu