Barua kwa rafiki anayehamia Nairobi na nyoka wake

Buruburu,
Nairobi.

Mwalimu na rafiki yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na wote wa nyumbani. Nimefurahi kusikia kwamba uhamisho wako umethibitishwa na kwamba hutamwacha nyoka wako nyuma. Umeniuliza kama ulibebe lile sanduku la kioo alimolelewa huko Mombasa au utafute jingine ukishafika. Jibu langu ni kwamba uliache huko huko, na tumtengenezee makao mapya ndani ya kabati kuukuu la sebuleni. Nitakueleza kwa nini, kisha namna ya kulifanya, kwa kuwa jambo hili nalijali sana na ningependa lifanywe vizuri tangu mwanzo.

Sababu kuu ni joto. Kwenu pwani, sanduku la kioo lenye kifuniko cha wavu linafaa kwa kuwa hewa ya chumba yenyewe tayari ina joto analolihitaji. Nairobi iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni, Julai na Agosti kipimajoto hushuka mara nyingi hadi karibu na nyuzi 12. Nyoka wa nyumba wa kahawia, kama huyo wako, ni mwenyeji wa huku pia, na akiwa huru huistahimili baridi hiyo kwa kuhama kutoka shimo hadi jiwe lililopigwa na jua, au chini ya bati lililobaki na vuguvugu la mchana. Aliyefungiwa hana pa kuhamia isipokuwa pale tulipomtengenezea. Kioo hupoteza joto upesi na wavu wa juu huliachia lipande liende zake, hivi kwamba utalipia umeme usiku kucha na mnyama bado atabaki amejikunja kwenye pembe moja. Mbao hulihifadhi joto, na hata stima ikipotea saa za usiku, kama inavyotokea, ndani ya kabati hupoa polepole.

Nalipendekeza hasa lile kabati kubwa la sebuleni lenye nafasi ya televisheni katikati. Makabati hayo yalijengwa wakati televisheni zilikuwa na kisogo kirefu, kwa hiyo nafasi yake ina kina kinachokaribia nusu mita au zaidi, na nyuma tayari pana tundu la nyaya. Siku hizi televisheni ni bapa na hutundikwa ukutani, na familia nyingi hapa mtaani zinayaondoa makabati hayo kwa bei ndogo au bure kabisa kwa atakayeyabeba. Umesema nyoka wako ni jike na anakaribia mita moja. Basi tafuta nafasi isiyopungua urefu wake, na ikiwa ile ya televisheni ni fupi, kiambaza kinachoitenganisha na rafu za pembeni kinaweza kuondolewa. Kabla ya kukiondoa, fundi apigilie kwa skurubu pao imara chini ya rafu ya juu, mbele na nyuma, maana mara nyingi kiambaza hicho ndicho kinachobeba uzito wa juu.

Kabla ya kupima upana wala kina, fungua milango na unuse. Hapa ndipo ningekusihi usiwe na haraka. Watu wengi huweka ndani ya makabati yao vidonge vyeupe vya naftalini vya kufukuzia nondo, na harufu yake huingia katika mbao ikakaa miaka. Nyoka anayepumua mvuke huo katika nafasi iliyofungwa na yenye joto hudhurika. Kabati lenye harufu hiyo liache, hata ukipewa bure. Liache pia lililojengwa kwa mtarakwa, ingawa ni mbao nzuri na ya kudumu, kwa sababu mafuta yale yale yanayoufanya unukie na kuwafukuza wadudu huwasha mapafu ya wanyama watambaao. Halafu muulize mwenyewe, kwa adabu lakini bila kuona haya, kama lilipata kunyunyiziwa dawa ya kunguni. Mvule, mninga na plaiwudi ya kawaida havina shida. Chipubodi inafaa pia, ila hufura ikipata maji, kwa hiyo kingo zake zote zilizo wazi lazima zizibwe.

Ukishapata lililo safi, lipigwe msasa ndani, nawe uvae barakoa, hasa kama lina rangi ya zamani ambayo huenda ina madini ya risasi. Kisha lipakwe vanishi ya maji, mipako mitatu au zaidi, na viungo vyote vya sakafuni vizibwe kwa silikoni ya matangi ya samaki, ile isiyotiwa dawa ya kuvu. Silikoni hiyo hutoa harufu kali ya siki inapokauka. Liache kabati wazi mahali penye hewa hadi pua yako isisikie siki wala vanishi, hata kama itachukua wiki kadhaa. Panga uhamisho wa mnyama kwa kufuata ratiba ya kabati, wala usilazimishe kabati lifuate ratiba yako.

Kwa upande wa mbele, bawaba na milango ya mbao viondolewe na pawekwe vioo viwili vinavyoteleza kwenye reli za alumini. Fundi yeyote wa vioo anayetengeneza kabati za kuonyeshea bidhaa katika maduka ya simu anaijua kazi hii, na ana vile vifuli vidogo vya meno vinavyobana kioo kimoja juu ya kingine. Nunua kifuli hicho, kwa maana nyoka husukuma kioo kwa pua usiku mzima, naye hana haja ya mlango, ufa mwembamba unamtosha. Mahali vioo viwili vinapopishana hubaki uwazi, nao uzibwe kwa ukanda wa plastiki angavu. Matundu ya hewa yatobolewe chini upande wa baridi na juu upande wa joto, ili hewa baridi iingie chini na yenye joto itokee juu, na kila tundu lifunikwe kwa wavu wa chuma uliokazwa kwa skurubu. Usitumie gundi ya karatasi wala selotepu popote ndani. Ikimnasa, magamba yake huchunika.

Sasa joto lenyewe. Utaambiwa ununue balbu nyekundu ya vifaranga kwenye duka la mifugo, kwa kuwa ndiyo inayopatikana kwa urahisi. Usikubali. Nyingi ni za wati 250, nazo zimekusudiwa banda lililo wazi. Ndani ya kabati la mbao zinaweza kumuua nyoka na kuichoma nyumba. Tafuta balbu ya kauri isiyotoa mwanga, ya wati 60 hadi 100, iliyofungwa kwenye kishikizi cha kauri kwenye dari ya ndani ya kabati upande mmoja, na izungukwe na kizimba cha waya chenye macho madogo asiyoweza kuyapenya. Mkeka wa joto chini ya sakafu ya mbao haufai, kwa kuwa mbao huzuia joto lisipande nalo hujikusanya kwenye mkeka. Chochote utakachotumia kiunganishwe na themostati, kifaa kinachowasha na kuzima joto chenyewe ili lisipite kiwango. Bila themostati tusianze kazi hii. Upande wa joto uwe kati ya nyuzi 29 na 31, upande wa pili kati ya 22 na 25, na uwe na kipimajoto kingine kisichotegemea themostati ili kimoja kikikosea cha pili kikushtue. Nyaya zipitie lile tundu la televisheni, kisha lizibwe kuzunguka nyaya hizo. Kazi hii afanye fundi wa umeme.

Droo ndogo za kabati hilo usizitupe. Ukiigeuza droo kifudifudi na kukata mlango mdogo pembeni, unapata maficho ya giza na ya kubana, jinsi nyoka huyu anavyopenda. Weka moja upande wa joto na nyingine upande wa baridi, ili asilazimike kuchagua kati ya kujificha na kupata joto. Sakafuni tandaza magazeti, au makumbi ya nazi yaliyosagwa, ambayo unaweza kutoka nayo pwani. Maranda ya karakana usiyatumie, maana hujui yametoka katika mbao gani. Bakuli la maji liwe zito, likae upande wa baridi.

Kila kitu kikishakuwa tayari, zima taa za chumba usiku, weka tochi inayowaka ndani ya kabati, ulifunge na ulizunguke taratibu. Kila mahali utakapoona mwanga umepenya, nje ya matundu yenye wavu, ni njia ya kutorokea. Baada ya hapo liwashwe wiki nzima likiwa tupu, nami nitaandika vipimo vya asubuhi na vya usiku wa manane. Kabati lenyewe likazwe ukutani kwa skurubu, kwa kuwa likishaondolewa kiambaza na kuwekwa vioo, uzito wake huegemea mbele.

Akifika mwache atulie kama wiki moja bila kumlisha. Na kwa miezi hii ya baridi, ukiona stima inasumbua, ahirisha mlo. Nyoka aliyeshiba akipata baridi hushindwa kusaga chakula na mara nyingi hukitapika. Stima ikipotea, chupa za maji ya moto zilizofungwa kwa taulo na kuegemezwa nje ya mbao husaidia kuvuka usiku.

Kuhusu kibali chako cha kumfuga, waone maafisa wa KWS, shirika la serikali la wanyamapori, kabla ya kumtoa Mombasa, wala usingoje ufike. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haichezewi, na ningependa safari yake iwe na karatasi zote mkononi.

Jirani yangu ana kabati la mninga analotaka kuliondoa mwisho wa mwezi. Nimelinusa, halina harufu yoyote, na nafasi ya televisheni ina upana wa sentimita 110. Nitumie urefu kamili wa nyoka wako na upana wa ukuta wa chumba utakachokodi, nikamwambie jirani alihifadhi au alitoe kwa mwingine.

Wasalaam,
Rafiki yako wa Buruburu.